Chiriku wa mikoko wa Galápagos: njia tano za kumwokoa, na ipi ifuatwe lini

Anayetaka kumsaidia ndege anayekaribia kutoweka hukwama kwenye njia panda. Mradi huu unalea makinda kwa mkono, ule unapambana na panya, mwingine unangoja maabara imalize kumchunguza nyigu fulani. Wote wana picha za kuvutia na maelezo ya kushawishi, na fedha ya kutoa ni ile ile moja. Wanafunzi wa wanyamapori hukutana na swali hilo darasani, kisha wakakutana nalo tena kazini: tuanze na lipi?

Nimeamua kuzilinganisha njia hizo kwa kumtazama ndege mmoja, kwa kuwa karibu zote zimejaribiwa au kupangwa kwa ajili yake. Ni chiriku wa mikoko, Camarhynchus heliobates, wa visiwa vya Galápagos nchini Ecuador. Yumo katika kundi la chiriku wa Darwin (wataalamu siku hizi wanawahesabu katika ukoo mwingine kabisa, ila jina limeshazoeleka na halitoki). IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Wamebaki kama 100 hivi, wote katika vipande viwili vya mikoko kaskazini magharibi mwa kisiwa cha Isabela: Playa Tortuga Negra na Caleta Black. Vipande hivyo vyote viwili ni kama hekta 30. Zamani ndege huyu alikuwepo pia kisiwa cha jirani cha Fernandina na sehemu nyingine za Isabela.

Mtu wa pwani atashangaa kidogo akisikia anavyoishi. Mikoko anayoipenda ni ile iliyotengwa na bahari, ambako maji hayaingii na kutoka kila siku, kwa hiyo majani makavu hurundikana chini bila kuchukuliwa na mawimbi. Humo ndimo anamopekua wadudu, na juu ya miti anabandua magome kwa mdomo kutafuta funza. Miti yenyewe tunaijua: mikoko ya jamii ya Rhizophora, na mingine ya jamii moja na mchu wetu. Msitu upo, haukatwi, na eneo limefungwa kwa watalii. Kinachomwua ndege huyu ni wageni wawili walioletwa na binadamu.

Wa kwanza ni panya mweusi, anayepanda hadi kiotani na kula mayai. Wa pili ni nzi aitwaye Philornis downsi, na huyu anahitaji maelezo zaidi kwa sababu hesabu yote ya ulinganisho huu inamzunguka. Nzi mzima hana madhara. Anakula matunda na utomvu. Jike ndiye huingia kiotani na kutaga. Funza wakianguliwa, wale wadogo kabisa huingia kwenye matundu ya pua ya kinda na kula humo. Wakikua hushuka kwenye sakafu ya kiota, wanajificha mchana na kutoka usiku kunyonya damu. Kinda mwenye siku chache tu hana damu ya kugawa. Wanaonusurika mara nyingine hukua na matundu ya pua yaliyotanuka hadi mdomo ukaharibika umbo. Funza waliokomaa hujifungia katika povu linaloganda pale pale chini ya kiota, na mzunguko unaanza upya. Sampuli za nzi huyu zilikusanywa Galápagos tangu 1964, lakini ni mwaka 1997 tu ndipo funza wake walipogunduliwa ndani ya viota.

Vigezo vya kupimia

Nimetumia vigezo vinne kwa kila njia. Kwanza, inamwokoa ndege katika hatua gani: yai, kinda au ndege mzima? Kiota kilichokwisha kumalizwa na panya hakina faida na dawa ya funza. Pili, gharama, na hasa idadi na ujuzi wa watu wanaohitajika. Tatu, hatari kwa ndege mwenyewe na kwa viumbe wengine. Nne, ikisimamishwa leo, kesho inakuwaje? Hiki cha nne ndicho kinachosahaulika kwenye maombi mengi ya fedha, na ndicho ninachokitazama mimi kwanza. Mwisho wa kila sehemu nimeeleza njia hiyo inamfaa nani.

1. Kupunguza panya

Hatua. Mayai kwanza kabisa. Kabla chambo chenye sumu hakijaanza kuwekwa Playa Tortuga Negra mwaka 2007, zaidi ya nusu ya viota vyenye mayai vilikuwa vikiangamizwa na panya. Baada ya kuanza, hasara hiyo ilishuka hadi kama asilimia 30. Hakuna njia nyingine kati ya hizi tano iliyoleta nafuu ya haraka namna hiyo. Lakini panya walipopungua ndipo nzi alipoonekana waziwazi kuwa mwuaji mkubwa: mayai yakaanguliwa, makinda yakafa.

Gharama. Chambo na visanduku vyake si ghali. Ghali ni kufika. Hakuna anayeishi kule. Maji ya kunywa, chakula, mahema na chambo vyote huja kwa boti kutoka Puerto Ayora kisiwani Santa Cruz, kisha vishushwe ufukweni kwenye mawimbi. Kazi ikishafika mahali pake haihitaji shahada: kutembelea visanduku, kuandika chambo kiasi gani kimeliwa, kujaza, kwenda kwenye kisanduku kinachofuata. Inahitaji mtu mwaminifu asiyeruka kisanduku kwa sababu ya jua.

Hatari. Sumu ya panya haibaki kwa panya. Kisiwani Pinzón, ambako chambo kilimwagwa kwa helikopta mwaka 2012 ili kuwamaliza panya wote, mwewe wa Galápagos walikamatwa na kufungiwa kwanza. Hata hivyo baadhi walikufa baada ya kuachiwa, kwa kula mijusi waliobaki na sumu mwilini. Lakini faida nayo ilionekana kisiwani humo humo: mwaka 2014 walionekana watoto wa kobe wakubwa walioanguliwa porini, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa zaidi ya miaka 100. Visanduku vya chambo hupunguza hatari hiyo kuliko kumwaga kutoka juu, lakini hakuna kisanduku kinachoiondoa kabisa.

Ikisimama. Panya wanarudi, na hawachukui muda mrefu. Pinzón ni kisiwa cha kilomita za mraba 18 hivi, kinaweza kusafishwa mara moja. Isabela ina zaidi ya kilomita za mraba 4,500, kwa hiyo pale kinachofanyika ni kuwazuia panya pembezoni mwa hekta chache za mikoko mwaka baada ya mwaka. Kisiwa cha Floreana, anakoishi chiriku mwingine aliye katika daraja lile lile la hatari, Camarhynchus pauper, kiko katikati: mwaka 2023 ilianza kazi ya kuwaondoa panya na paka wote, jambo lililohitaji makubaliano na wakazi wenye mifugo na mashamba.

Inamfaa mwenye watu wa kukaa eneo la kazi na bajeti ndogo lakini ya uhakika kila mwaka. Na mwenye kisiwa kidogo anayeweza kutumia fedha nyingi mara moja.

2. Kutia dawa kiotani

Hatua. Makinda tu. Permethrini, dawa ile ile inayowekwa kwenye baadhi ya vyandarua vya mbu, huingizwa kwenye tabaka la chini la kiota, pale funza wanapojificha mchana. Kwa chiriku wa mikoko, hii ndiyo kazi ambayo mkazo ulihamia baada ya miaka kadhaa ya kulea makinda kituoni.

Gharama. Dawa ni ya bei ndogo kabisa. Kinachogharimu ni kukipata kiota na kukifikia. Kiota cha chiriku huyu kimeezekwa juu, kina mlango ubavuni, na kimejengwa kwenye matawi membamba ya juu, mara nyingine mita 15 au zaidi kutoka chini. Mtu anapaswa kumsikiliza dume akiimba, kumfuata jike akibeba vijiti, kuhesabu siku mpaka mayai yaanguliwe, kisha apande wakati unaotakiwa. Akichelewa siku tatu anakuta makinda yamekufa. Akiwahi mno, anamshtua jike akiwa bado juu ya mayai.

Kuna namna nyingine ya dawa hii ambayo mimi naipenda kwa ujanja wake. Kisiwani Santa Cruz, watafiti walitundika pamba iliyotiwa permethrini karibu na sehemu ambazo chiriku hujenga, ndege wakaja kuichukua wenyewe na kuifuma kwenye viota. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kiota chenye gramu moja au zaidi ya pamba hiyo kilikuwa karibu hakina funza kabisa. Hapandi mtu, hashtuki ndege. Ila inategemea ndege wako anapenda pamba au la, na huwezi kumlazimisha.

Hatari. Unaweka dawa ya kuua wadudu karibu na makinda wa spishi adimu, kwa hiyo kipimo na mikono visikosewe. Kupanda kwenyewe kunaweza kuvunja tawi au kumfukuza mzazi. Msituni, hata hivyo, dawa inabaki kiotani. Haisambai kama sumu ya panya.

Ikisimama. Hakuna kilichobadilika. Nzi wapo kama walivyokuwa, na msimu unaofuata kila kiota kinahitaji mpandaji wake tena. Pia viota visivyoonekana havipati dawa, na daima vipo visivyoonekana.

Inamfaa mwenye timu ndogo ya watu wenye macho makali na uzoefu wa kupanda kwa kamba, na ndege ambao viota vyao vinahesabika. Kwa spishi yenye maelfu ya viota vilivyotawanyika, hii ni kazi isiyoisha.

3. Kulea makinda kituoni na kuwarudisha

Hatua. Yai na kinda kwa pamoja. Njia hii inaruka panya na nzi wote kwa mpigo. Mwaka 2014, Charles Darwin Foundation (taasisi ya utafiti ya visiwa hivyo), uongozi wa Hifadhi ya Taifa ya Galápagos na shirika la bustani za wanyama la San Diego walianza kuchukua mayai ya mwanzo wa msimu. Walichagua ya mwanzo kwa sababu nzuri. Viota vya mapema ndivyo vilivyokuwa vikipoteza makinda karibu wote kwa nzi, na jike akinyang'anywa mayai hutaga tena. Kwa hiyo unachukua kile ambacho kingekufa, na wazazi wanapata nafasi ya pili. Mbinu hiyo si mpya. Ilitumika kwa kozi wa Morisi, ambaye mwaka 1974 alijulikana kubaki wanne tu porini, na leo wapo mamia.

Gharama. Hapa ndipo penye mzigo. Mpandaji anashuka na mayai, yanawekwa kwenye chombo chenye joto linalolingana, yanasafirishwa kwa boti hadi Puerto Ayora, yanaingia kwenye mashine ya kutotoleshea ndani ya chumba cha karantini kilichozibwa mbu asipite. Kinda likianguliwa halina manyoya na ni dogo kuliko kidole gumba. Linalishwa kwa vibano mara 15 hivi kwa siku. Wakishajua kula wenyewe wanarudishwa Isabela kwa boti, wanakaa wiki kadhaa kwenye vizimba vilivyojengwa ndani ya mikoko yenyewe ili wazoee sauti, chakula na harufu ya kwao, kisha mlango unafunguliwa. Wanaachiwa na redio ndogo za kufuatilia. Msimu wa kwanza waliachiwa 15, ambao kwa idadi ya chiriku 100 ni ongezeko kubwa. Kufikia 2016 walikuwa 36.

Hatari. Magonjwa ndiyo yanayotisha zaidi: Puerto Ayora kuna kuku, kuna mbu, kuna ndui ya ndege, na ndege mmoja akirudi na virusi anaweza kuyaambukiza makumi yaliyobaki. Halafu kuna mafunzo. Chiriku dume hujifunza wimbo kwa kusikiliza madume wakubwa, na kinda aliyekulia chumbani amekosa shule hiyo. Vizimba vya msituni vilijengwa kwa sehemu kwa ajili hiyo, awasikie wenzake kabla hajatoka.

Ikisimama. Ndege ulioongeza wapo, lakini wanaingia kujenga viota katika msitu ule ule wenye nzi wale wale. Njia hii hununua muda. Kwa spishi iliyobakisha misimu michache hiyo si kejeli, muda ni kitu cha thamani. Ila mtu asiuziwe muda akidhani ananunua dawa.

Inamfaa mwenye taasisi imara nyuma yake, daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa ndege, na spishi iliyo ukingoni kabisa. Kikundi cha kijiji kisiianze. Si kwa kukosa moyo, ila umeme ukikatika usiku mmoja mayai yote yameharibika.

4. Kuwahamishia mahali pengine

Hatua. Njia hii haiokoi yai wala kinda moja kwa moja. Inaiokoa spishi isife yote siku moja. Playa Tortuga Negra iko chini ya volkano, imezungukwa na lava. Mwaka 1954, si mbali sana na hapo, sakafu ya bahari kwenye ghuba ya Urbina iliinuka mita kadhaa ghafla, matumbawe na samaki wakabaki nchi kavu. Tukio la namna hiyo likitokea kwenye hekta hizi 30, maji ya mikoko yanaweza kubadilika na hakuna chiriku wa akiba popote.

Gharama. Ya kati kwa safari yenyewe, kubwa kwa matayarisho: eneo jipya linatakiwa liwe limeshapunguzwa panya, na watu wabaki kufuatilia baada ya kuachia.

Hatari. Ndege wana akili ya nyumbani. Mwaka 2010 chiriku tisa walihamishiwa Bahía Cartago, upande wa kusini mashariki wa Isabela, ambako mikoko ni mingi na spishi iliwahi kuishi. Baadhi walirudi walikotoka. Juu ya hayo, kwa kila ndege unayemwondoa kwenye kundi la 100 unalidhoofisha kundi la asili. Na wachache wakiachwa peke yao huoana na jirani: uchunguzi wa vinasaba umeonyesha damu ya chiriku mwenye tabia za kigong'ota, Camarhynchus pallidus, imeingia katika chiriku wa mikoko, na utofauti wa vinasaba unazidi kupungua.

Ikisimama. Hapa njia hii inazipita tatu za mwanzo. Ikifanikiwa inajiendesha. Jirani zetu wa Shelisheli wana mfano: Copsychus sechellarum, ndege mweusi mwenye baka jeupe bawani, miaka ya 1960 alikuwa amebaki kisiwa kimoja tu cha Frégate, hata 20 hawafiki. Alipelekwa Cousin, Cousine, Denis na Aride, na mwaka 2005 alishushwa kutoka daraja la hatari kabisa. Tofauti na Galápagos ni kwamba visiwa vile ni vidogo na vinaweza kuwekwa bila panya, na ndege hawezi kurudi kwao kwa kuruka pwani kwa pwani.

Inamfaa mwenye eneo la pili lililo safi kweli, na spishi iliyoshaongezeka kidogo ili kupungua kwa ndege kumi kusiwe msiba.

5. Kumfuata nzi mwenyewe

Hatua. Makinda, lakini ya kila spishi katika visiwa vyote kwa wakati mmoja. Ndiyo njia pekee kati ya hizi inayomgusa adui alipo badala ya kumkinga ndege dhidi yake. Inafuatwa kwa namna mbili.

Ya kwanza ni nyigu mdogo, Conura annulifera, anayepatikana Ecuador bara. Nyigu huyu hutaga kwenye pupa wa Philornis (yule funza aliyejifungia ili ageuke nzi), na mtoto wa nyigu anamla nzi kabla hajatoka. Chuo Kikuu cha Minnesota na Charles Darwin Foundation wamekuwa wakimpima kwa miaka mingi kuona kama anaweza kugeukia wadudu wenyeji wa Galápagos.

Ya pili tunaijua sisi kuliko watu wa Galápagos: madume tasa. Katikati ya miaka ya 1990 mbung'o alimalizwa Unguja kwa namna hiyo. Madume walizalishwa kwa wingi Tanga, wakatiwa mionzi, wakamwagwa kutoka kwenye eropleni juu ya kisiwa, wakapanda majike bila kuzalisha, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Ng'ombe wa Unguja wakapona nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mtu akikwambia mdudu hawezi kuondolewa kisiwani, mtajie Unguja.

Gharama. Kubwa, na zinakuja mbele kwa miaka kabla ya kuona matokeo. Tatizo la Philornis ni kumfuga. Mbung'o hulishwa damu kupitia utando. Funza wa Philornis kwa asili anataka kinda hai. Watafiti wamefaulu kuwakuza maabara kwa damu ya kuku bila kinda, lakini kutoka mafanikio ya maabara hadi mamilioni ya madume ni safari nyingine.

Hatari. Ukishaachia nyigu, humrudishi. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria wanajua nini maana ya kuleta kiumbe mmoja, sangara akiwa shahidi. Ziwa hilo hilo lina ushahidi wa upande wa pili: mbawakawa walioletwa miaka ya 1990 kula gugumaji, wakala gugumaji. Galápagos nako kuna mfano wa kutia moyo, mdudu kibibi aliyeachiwa mwaka 2002 baada ya utafiti wa miaka kadhaa ili kuwala wadudu gamba waliokuwa wanakausha mimea. Kwa hiyo jibu liko katika vipimo, na vipimo havipendi kuharakishwa. Madume tasa hawana hatari hiyo, kwa kuwa hawaachi kizazi.

Ikisimama. Nyigu akishatulia anaendelea mwenyewe. Madume tasa yakisimamishwa kabla nzi hawajaisha, nzi wanarudi; yakifika mwisho, kazi imekwisha moja kwa moja.

Inamfaa mfadhili mwenye subira ya miaka kumi na zaidi, na vyuo na maabara. Haimfai mwenye ndege watakaokuwa wamekwisha kabla ya hapo, isipokuwa awe na njia ya pili au ya tatu ya kuwashikilia hai.

Uchague nini, kulingana na hali yako

Kama hujui ndege wako wanafia wapi, usichague chochote bado. Fuatilia viota 20 au 30 msimu mmoja, weka kamera ndogo kwenye baadhi, andika kila kilichopotea: mayai yaliyovunjwa, makinda yaliyokufa yakiwa mazima, mzazi asiyerudi. Karatasi hiyo moja itakuokolea fedha nyingi kuliko mtaalamu yeyote wa kukodi.

Ikiwa yanayopotea ni mayai, anza na panya hata kama mtu mwingine anakuonyesha mashine ya kutotoleshea. Kisiwa kikiwa kidogo, lenga kuwamaliza. Kikiwa kikubwa, kubali kwamba umeajiri watu wa kudumu.

Ikiwa makinda yanakufa na ndege ni wachache, viota vinahesabika, dawa ya kiotani ni ya haraka na nafuu. Kulea kituoni kunaingia pale ambapo hata dawa haiwahi, au idadi imeshuka kiasi kwamba msimu mmoja mbaya unaweza kuwa wa mwisho. Mradi wa chiriku wa mikoko ulianzia kwenye kulea ukaenda kwenye dawa, lakini chambo cha panya hakikuwahi kuachwa, kwa sababu bila hicho zote mbili zingekuwa za bure.

Ikiwa kundi ni moja tu na mahali penyewe pana hatari ya moto, volkano au dhoruba, panga kuhamisha, ila baada ya idadi kupanda. Kuhamisha kwa hofu ndiko kunakopoteza ndege.

Kuna hali ambayo hakuna hata moja kati ya hizi inayosaidia. Milima ya Taita nchini Kenya ina ndege mdogo wa msituni, Apalis fuscigularis, naye yuko katika daraja lile lile la hatari kabisa. Tatizo lake la msingi ni msitu wa ukungu uliobaki vipande vipande kati ya mashamba. Ukimpelekea mpanda miti mwenye sindano ya permethrini umepoteza nauli. Pale linalotakiwa ni ardhi, miche ya miti ya asili, na wenye mashamba waliokubali.

Kwa mwenye kiasi kidogo cha kutoa, ushauri wangu ni kazi ya panya na ufuatiliaji wa viota. Ni kazi isiyopigwa picha, kwa hiyo ndiyo inayokosa wafadhili mapema. Mwenye taasisi kubwa aende kwenye nzi, maana kikundi kidogo hakiwezi kubeba miaka 15 ya maabara. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti atazame kufuga Philornis kwa wingi au namna ya kuwafanya ndege wasiopenda pamba wachukue kitu kingine chenye dawa. Yote mawili bado yana nafasi tele. Na kabla hujatuma hata shilingi kwa mradi wowote, waombe hesabu ya viota vya msimu uliopita: vilipatikana vingapi, makinda mangapi yaliruka, na yale mengine yalikufa kwa nini.